Tovuti nzito hufukuza wateja bila mwenye duka kujua

MFANYABIASHARA wa viatu pale Kariakoo anazijua dalili za mteja anayeponyoka. Anamwona akisimama mlangoni, akitupia jicho msongamano wa watu mbele ya kaunta, akitazama saa yake, kisha akivuka barabara kwenda duka la jirani. Kesho yake mwenye duka anaweza kuongeza kijana wa kuuza, au akapanga bidhaa upya ili watu wapate njia. Hasara aliiona kwa macho yake mwenyewe.

Huyo huyo akifungua duka kwenye intaneti, macho hayo anayapoteza. Mteja anagusa kiungo alichotumiwa na rafiki, ukurasa unabaki mweupe, inapita sekunde ya tatu, ya tano, ya nane, naye anarudi alikotoka. Hakulalamika wala hakuomba apunguziwe bei. Kwenye daftari la mauzo hakuacha alama. Mara nyingi hata programu ya kuhesabu wageni wa tovuti haikumhesabu, kwa sababu nayo hufunguka mwishoni, baada ya picha na mapambo, na mteja hakufika huko mwishoni.

Ndiyo maana kasi ya tovuti, ambayo wengi huiona ni kazi ya mafundi wa kompyuta, ni suala la mtaji. Wapo waliokwisha kupoteza mamilioni ya dola kwa kulidharau, na historia yao inamfaa kila mwenye nia ya kuuza bidhaa kwa njia hiyo, au ya kununua hisa katika kampuni inayouza kwa njia hiyo.

Boo.com na dola milioni 135

Mwaka 1998 raia watatu wa Sweden, Bw. Ernst Malmsten, Bi. Kajsa Leander na Bw. Patrik Hedelin, waliunda mjini London kampuni ya kuuza nguo za mtindo na mavazi ya michezo kupitia intaneti. Waliiita Boo.com. Malmsten na Leander hawakuwa wageni katika shughuli hiyo. Huko kwao walikuwa wamekwisha kuanzisha duka la vitabu la mtandaoni, Bokus, nalo likapata jina. Waliowekeza nyuma yao hawakuwa watu wa kubahatisha pia. Walikuwamo benki ya J.P. Morgan, familia ya Benetton ya Italia ambayo nguo ndiyo kazi yake, na tajiri wa Ufaransa, Bw. Bernard Arnault, anayeongoza kampuni ya bidhaa za anasa ya LVMH.

Duka lilipangwa kufunguliwa katikati ya mwaka 1999. Likaahirishwa, likaahirishwa tena, hatimaye likafunguliwa Novemba mwaka huo, kwa mpigo mmoja katika nchi 18, kwa lugha na sarafu mbalimbali. Kwa kutazama lilikuwa duka zuri. Kiatu kiliweza kuzungushwa pande zote, nguo iliweza kuvalishwa sanamu, na msichana wa katuni aliyeitwa Miss Boo alimkaribisha mteja na kumshauri juu ya mavazi.

Tabu ni kwamba mapambo hayo yote yalipaswa kusafiri hadi nyumbani kwa mteja kwa waya wa simu. Mwaka 1999 watu wengi wa Ulaya na Marekani waliingia kwenye intaneti kwa modemu ya kupiga simu. Zile za kasi ya juu zilikuwa na uwezo wa kilobiti 56 kwa sekunde, na kwa kawaida hata hapo hazikufika. Hesabu yake ni nyepesi. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo ukurasa wa kilobaiti 200 ni kilobiti 1,600, na kwa modemu ile unahitaji karibu nusu dakika kufika. Hiyo ni nusu dakika kwa ukurasa mmoja, na mteja hupita kurasa kadhaa kabla ya kulipa. Tena katika nchi nyingi za Ulaya simu ililipiwa kwa dakika, maana yake mteja alikuwa akikatwa fedha huku akisubiri kuuziwa. Wenye kompyuta za Macintosh ndio kabisa, mwanzoni duka lenyewe liliwashinda kuingia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Boo.com ilikuwa na kizuri, lakini kilikaa nyuma ya pazia ambalo wateja wengi hawakungoja lifunguliwe. Mei 2000, miezi sita tu baada ya kufungua milango, fedha zilikwisha na kampuni ikakabidhiwa kwa wafilisi wa KPMG. Takriban dola milioni 135 za Marekani zilikuwa zimeteketea. Programu za kompyuta zilizoendesha duka hilo zilichukuliwa na kampuni ya Bright Station ya Uingereza kwa pauni 250,000. Jina likaenda kwa Fashionmall.com ya Marekani.

Si haki kusema uzito wa kurasa peke yake ndio ulioiua kampuni. Fedha nyingi zilikwenda kwenye matangazo kabla duka halijafunguliwa. Wafanyakazi walifika mamia. Na Machi 2000 hisa za kampuni za teknolojia huko New York, ambazo kipimo chake cha NASDAQ kilikuwa kimefikia 5,048 tarehe 10, zilianza kuporomoka, na kuanzia hapo hakuna mwenye fedha aliyetaka kusikia habari za kuongeza mtaji. Hata hivyo, duka jepesi lingewapa wenyewe kitu walichokikosa siku ile waliporudi kwa wawekezaji kuomba zaidi, nacho ni mauzo ya kuonyesha. Matangazo yaliwaleta watu mpaka mlangoni. Gharama ya kumleta mtu mlangoni ni ile ile, aingie asiingie, na hapo ndipo mhasibu yeyote anapopaswa kukuna kichwa.

Wakubwa walivyopima

Anguko la Boo.com lilikuwa fundisho, lakini fundisho la kukisia. Hakuna aliyeweza kusema ni wateja wangapi walioondoka kwa sababu ya kusubiri. Vipimo vyenyewe vilianza kujulikana baadaye, kutoka kwa kampuni zenye wateja wengi kiasi cha kuweza kufanya majaribio.

Mwaka 2006 Bw. Greg Linden, aliyekuwa mhandisi wa Amazon, alieleza majaribio waliyoyafanya alipokuwa huko. Waliuchelewesha ukurasa kwa makusudi, sehemu moja ya kumi ya sekunde kila mara, kisha wakalinganisha mauzo. Matokeo aliyoyatoa yamekuwa yakinukuliwa tangu hapo: kila sehemu ya kumi ya sekunde iliyoongezeka ilipunguza mauzo kwa asilimia moja. Mwaka huo huo Bi. Marissa Mayer wa Google alieleza kisa chao. Waliwauliza watumiaji wanataka majibu mangapi katika ukurasa mmoja wa utafutaji, nao wakajibu wanataka mengi zaidi. Google ikawapa majibu 30 badala ya 10. Matumizi katika kundi lile yakashuka kwa asilimia 20. Uchunguzi ulionyesha kwamba ukurasa wa majibu 10 ulifunguka kwa sekunde 0.4 na ule wa majibu 30 kwa sekunde 0.9. Nusu sekunde tu ndiyo iliyowafukuza watu waliokuwa wamepewa walichokiomba kwa vinywa vyao.

Mfanyabiashara atakumbuka kwamba mteja naye husema anataka duka lenye picha nyingi, video na mapambo. Anayoyasema na anayoyafanya akiwa ameshika simu ni mambo mawili.

Google ilirudia jaribio la namna hiyo mwaka 2009. Ilichelewesha majibu kwa kati ya sehemu moja na sehemu nne za kumi za sekunde, na utafutaji ukapungua kwa kati ya asilimia 0.2 na 0.6. Kiasi hicho ni kidogo, lakini jambo la kutazamwa ni lililofuata. Ucheleweshaji ulipoondolewa, waliokuwa wamecheleweshwa zaidi hawakurudi mara moja kwenye mazoea yao ya zamani. Kwa wiki kadhaa waliendelea kutafuta kidogo kuliko wenzao. Mteja aliyekwisha kuzoea kwamba duka fulani linachelewa harudi siku ileile fundi anapomaliza kazi.

Mwaka 2020 kampuni ya Deloitte ilichapisha uchunguzi juu ya kampuni 37 za Ulaya na Marekani. Ilikuta kwamba kasi ya tovuti katika simu ikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, wanunuzi katika maduka ya rejareja huongezeka kwa asilimia 8.4. Inafaa kufahamu kwamba uchunguzi huo uliagizwa na Google, kampuni inayouza matangazo na yenye kila sababu ya kutaka mtu aliyebonyeza tangazo afike dukani. Namba zake si za uongo kwa sababu hiyo, ila si za kuingizwa moja kwa moja kwenye mpango wa biashara. Anayeuza vitenge kwa wateja 40 kwa wiki asitegemee asilimia 8.4 yake ije kama mshahara.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa mtazamo wa mwekezaji, ni ule ambapo wageni waligawanywa kwa bahati nasibu mafungu mawili siku zile zile, fungu moja likapewa ukurasa wa zamani na lingine ukurasa uliopunguzwa uzito, bila kubadili sura wala bei. Kampuni ya simu ya Vodafone nchini Italia ilifanya hivyo. Sehemu kuu ya ukurasa ilipowahi kuonekana kwa asilimia 31, mauzo yalipanda kwa asilimia 8. Wale walionunua hisa za Vodacom Tanzania kwa sh. 850 mwaka 2017 wanalijua jina hilo, kwani Vodafone ndiyo mwenye hisa nyingi katika Vodacom Group, kampuni mama ya Vodacom Tanzania.

Wateja ambao wastani haukuwaonyesha

Kisa kinachoigusa Afrika kilitokea ndani ya YouTube. Mhandisi mmoja wa huko, Bw. Chris Zacharias, alikerwa na ukurasa wa kutazamia video uliokuwa na uzito wa megabaiti 1.2, bila kuhesabu video yenyewe. Akaamua kuunda mwingine usiozidi kilobaiti 100. Aliondoa alichoweza kuondoa na kubakiza muhimu, akafikia kilobaiti 98. Kazi hiyo waliiita Feather, yaani unyoya.

Ukurasa mpya ulipofunguliwa kwa sehemu ya watumiaji, takwimu zilimtia simanzi. Wastani wa muda wa kufunguka haukupungua. Uliongezeka! Ukurasa ambao ulikuwa mwepesi zaidi ya mara kumi ulionekana kuchelewa kuliko ule mzito.

Jibu lilipatikana walipotazama wageni walikotoka. Watu wa Afrika, Amerika ya Kusini, Asia ya Kusini Mashariki na hata Siberia walikuwa wameanza kuutumia ukurasa huo. Kwao kilobaiti 98 zilichukua zaidi ya dakika mbili kufika, kwa hiyo ukurasa wa zamani ungechukua zaidi ya dakika 20. Hakuna anayesubiri dakika 20 kutazama video. Watu hao hawakuwamo kabisa katika takwimu za zamani, kwa sababu hawakuwahi kufanikiwa kuingia. Walipoweza, wakaingia na mwendo wao wa polepole, wakauvuta wastani.

Zacharias aliyachapisha hayo mwaka 2012, na tangu hapo mitandao ya ukanda huu imekuwa na kasi kubwa zaidi. Lakini mantiki yake haijachakaa. Mwenye tovuti anayesema wageni wake wote wanapata huduma haraka, huenda anasema kweli juu ya wale walioweza kuingia. Wengine hawamo kwenye hesabu yake.

Safari ya ukurasa hadi Dar es Salaam

Uzito ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umbali, na hapa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wana jambo lao wenyewe.

Hadi mwaka 2009 ukanda huu ulitegemea setilaiti. Setilaiti ya namna hiyo iko karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi. Ombi la mteja hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka; jumla ni kilomita 144,000, ambazo mwanga wenyewe huzipita kwa karibu nusu sekunde. Hakuna fundi wala fedha inayoweza kupunguza hapo. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Ndani ya mkongo mwanga huenda kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, na njia ya waya ikiwa na urefu wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Inaonekana ndogo mpaka mtu akumbuke kwamba ukurasa hauji kwa safari moja. Simu kwanza huuliza anwani ya tovuti, kisha hupiga hodi kwenye seva, kisha hupatana nayo juu ya usalama wa mawasiliano, ndipo iombe ukurasa. Kabla ya herufi ya kwanza kuonekana zimekwisha safari tatu au nne. Ukurasa ukifika unasema unahitaji picha fulani, mwandiko fulani wa herufi, programu ya kuhesabu wageni, kidirisha cha gumzo na tangazo la kampuni nyingine, na kila kimoja kinaweza kuwa kwenye seva nyingine na kuhitaji hodi yake. Wenye maduka wengi hawajui kwamba kidirisha cha gumzo walichokiweka kwa nia njema, na ambacho huenda kwa mwezi mzima kimetumiwa na watu wawili, kinamchelewesha kila anayeingia.

Umbali una dawa, na si ya gharama kubwa. Zipo kampuni zinazoweka nakala za tovuti katika miji mingi duniani, ya Afrika Mashariki ikiwamo, ili mteja wa Mwanza asisubiri jibu kutoka Frankfurt. Faida ya ujirani ilionekana Nairobi mapema, kilipoanzishwa kituo cha KIXP cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti ndani ya nchi. Kabla ya hapo barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya intaneti mjini humo humo ilizunguka kwanza ng'ambo kwa setilaiti.

Mkongo nao una siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa ukanda huu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku za namna hiyo, njia chache zinazobaki hugombaniwa na wote, na ukurasa wa megabaiti sita hauna pa kupita.

Kilogramu kwenye bando la mteja

Megabaiti sita si mfano wa kutunga chumvi. Picha moja ya kiatu iliyopigwa kwa simu ya kisasa na kuwekwa kwenye tovuti kama ilivyo huweza kuwa na megabaiti tatu au nne. Mteja aliye kwenye mtandao unaompa megabiti mbili kwa sekunde atahitaji sekunde 24 kupokea megabaiti sita. Picha zile zile zikipunguzwa upana kulingana na kioo cha simu na kubanwa vizuri, ukurasa wote unaweza kurudi kilobaiti 600, na muda ukawa sekunde 2.4. Kiatu ni kile kile na kinaonekana vile vile, kwa sababu kioo cha simu hakina uwezo wa kuonyesha zaidi.

Kuna na mfuko wa mteja. Huku watu wengi hununua intaneti kwa bando. Mwenye bando la megabaiti 100 akipita kurasa 16 za duka lile zito, bando limekwisha, na hajanunua kitu. Boo.com iliwatoza wateja wake dakika za simu; tovuti nzito ya leo inawatoza megabaiti. Kwa lugha ya sokoni, mwenye duka anatoza kiingilio.

Ajabu ni kwamba huduma ya kibiashara iliyoenea hadi vijijini katika ukanda huu haina picha hata moja. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, imefika kwa mamilioni ya watu wasio na simu za kisasa kupitia menyu za maandishi, na ukurasa mmoja wa menyu ya namba za nyota na reli hauzidi herufi 182. Mteja anabonyeza, jibu linakuja, fedha zinakwenda. Hakuna anayesema duka la nguo liuze bila picha. Lakini mtu aliyezoea kutuma sh. 50,000 kwa kubonyeza mara chache hana sababu ya kumvumilia muuza viatu anayemweka nusu dakika.

Waliojaribu kupunguza wamepata. Jumia Travel, iliyokuwa ikiuza vyumba vya hoteli katika nchi nyingi za Afrika, iliunda tovuti nyepesi ya simu, na takwimu zilizotolewa pamoja na Google mwaka 2017 zilionyesha idadi ya wageni wanaokamilisha ununuzi ikipanda kwa asilimia 33 ukilinganisha na tovuti ya awali, na matumizi ya bando yakishuka mara tano. Hata hivyo, mwekezaji asikimbilie kununua hisa kwa sababu ya wepesi peke yake. Jumia yenyewe ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na biashara ya Jumia Travel ikaachwa mwaka huo huo. Kasi humfikisha mteja kaunta. Baada ya hapo kuna bei, usafirishaji, na swali la kama kiatu kilichofika ndicho kilichokuwa kwenye picha.

La kuulizwa kabla ya kutoa fedha

Anayetaka kuweka fedha katika biashara ya mtandaoni kwa kawaida huonyeshwa idadi ya wageni, idadi ya wafuasi na mchoro wa mauzo unaopanda. Aulize na jingine. Google, ambayo tangu mwaka 2010 imekuwa ikiihesabu kasi katika kupanga nani atangulie kwenye majibu ya utafutaji, na tangu 2018 kwa simu pia, inapendekeza sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Tena haipimi kwa wastani. Inataka robo tatu ya ziara zote zifikie kiwango hicho. Kampuni ikijibu kwa wastani, irudishiwe swali. Ikijibu kwa kompyuta za ofisini ilhali wateja wake wako kwenye simu, irudishiwe tena.

Aulize pia gharama ya matangazo kwa kila mteja aliyenunua, si kwa kila aliyebonyeza. Pengo kati ya waliobonyeza tangazo na walioonekana kufika kwenye tovuti ndipo mahali pekee ambapo wale wanaoondoka kimya kimya huacha unyayo, kwa sababu kampuni ya matangazo ilimhesabu kila aliyebonyeza na kumtoza mwenye duka fedha yake. Waliobonyeza wakiwa 1,000 na waliofika 600, wale 400 wamelipiwa. Baadhi yao walibonyeza kwa bahati mbaya, hilo halina ubishi. Wengine wamechoka kusubiri.

Kwa mwenye duka mdogo, kupima hakuna gharama. Huduma ya Google ya PageSpeed Insights ni ya bure, na hutaja picha iliyo nzito na programu inayochelewesha, moja moja kwa jina. Kasoro yake ni kwamba tovuti yenye wageni wachache haipewi takwimu za wageni wake halisi, bali za jaribio la mashine tu. Mwenye duka wa namna hiyo aazime simu ya bei ya chini, yenye bando la kawaida, si ile yake aliyoiunganisha na waya wa ofisini. Aende nayo kituo cha daladala saa 12 jioni, wakati kila mtu ameshika simu, afungue duka lake kama mteja mgeni, na ahesabu kwa sauti mpaka bei ya kiatu ionekane.